Upepo Kwenye Mita

Wivu wangu ulianza na kikombe. Mama aliyetupikia chai ofisini alikuwa na kikombe kimoja tu chenye kisahani, na kikombe hicho kilikuwa cha mkubwa wetu wa mapato. Mkubwa akiwa safarini, nilikinywea mimi, kwa sababu nilikuwa msaidizi wake. Asubuhi ambayo binti yule kutoka pande za Emali aliripoti kazini, mkubwa hakuwepo, na mama wa chai akampa yeye kikombe chenye kisahani. Mimi nikaletewa glasi. Mama hakuwa na nia mbaya, alikuwa anamkaribisha mgeni. Lakini chai ile niliiacha nusu.

Ilikuwa miaka ya themanini, katika mji mdogo wa wilaya ya Kitui ambao jina lake sitalitaja, maana wengine wetu bado tuko hai. Nilikuwa nimeingia idara ya maji nikiwa kijana, karani wa dirishani, nikapanda polepole. Mkubwa alikuwa amebakiza miezi tisa astaafu, na kila mtu alijua kiti kile kingekuwa changu. Mke wangu alikuwa ameshapita mara mbili mbele ya nyumba ya idara inayokwenda na cheo hicho, akipima madirisha kwa macho. Wamama wa kanisa walikuwa wameshamuuliza atashona mapazia ya rangi gani.

“Mgeni njoo, mwenyeji apone,” meneja alisema akitutambulisha kwa binti, na ofisi nzima ikacheka. Mimi ndiye mwenyeji, na sikujua ninaumwa nini.

Binti alikuwa hajafika miaka thelathini. Alikuwa na cheti cha uhasibu kutoka Nairobi na mwandiko uliokaa vizuri juu ya mstari. Baada ya wiki mbili wateja walikuwa wakimuulizia dirishani, yule dada yuko? Meneja alimpakia kwenye gari la idara hadi mikutano ya Machakos. Mimi, katika miaka yangu yote, safari ndefu kuliko zote niliyolipiwa ilikuwa ya kwenda Mutomo kuhesabu mabomba. Jumapili moja mke wangu akarudi kutoka kanisani akisema kuna msichana mpya wa kwaya mwenye sauti tamu ajabu, je, si yeye anayefanya kazi kwenu? Nilimwambia mboga ina chumvi nyingi.

Kisha binti akapewa kazi iliyokuwa haki yangu. Dizeli ya pampu ilikuwa imepanda bei, mapato hayatoshi, na meneja alitaka viwango vipya vya maji. Binti akatengeneza viwango vya ngazi. Mwenye kutumia maji kidogo alipe bei ya chini, na kadiri anavyopanda ngazi, bei ya kila uniti ipande naye. Mzigo uwaangukie wenye mahoteli na bustani za maua, mjane wa ndoo nne apumzike. Nilizisoma karatasi zake nikitafuta kosa kama mtu anayechambua mchele. Hazikuwa na hata jiwe moja. Niliumia sana.

Kosa lilikuwepo, ila halikuwa kwenye karatasi. Mji wetu ulipata maji kwa mgao. Mtaa wa juu, ule wa kilimani, ulifunguliwa alfajiri mbili tu kwa wiki. Watu wa huko, kwa kuogopa maji yasije yakawapita wakiwa usingizini, walikuwa na desturi ya kuacha mfereji wazi na debe tupu chini yake, ili maji yakianza kugonga bati waamke. Sasa mabomba yakikaa makavu siku tatu hujaa upepo. Maji yakisukumwa kutoka bondeni, upepo hutangulia, na ukikuta mfereji uko wazi hutoka kwa mluzi ukizungusha mita kwa kasi kuliko maji yenyewe. Mita haijui tofauti. Inahesabu tu.

Mimi nilijua. Niliyaona hayo kwa macho yangu zamani, nilipotumwa kusoma mita huko juu, na nikawaambia watu wa kilimani kwamba upepo sitawauzia. Tangu hapo, daftari la wasoma mita likifika mezani, nyumba zao nilizipunguzia uniti kadhaa kwa penseli kabla ya bili kuandikwa. Hakuna sheria iliyoniruhusu. Mkubwa alitia sahihi bila kuuliza, nao walilipa bila kelele.

Binti akaziona penseli zangu. Alikuja mezani kwangu, daftari kifuani, akasimama kwa adabu mpaka nilipoinua kichwa.

“Mzee, samahani. Hizi za penseli ni za nini?”

Ningeweza kumweleza kwa sentensi mbili.

“Ni mazoea tu ya zamani,” nikasema. “Wasoma mita walikuwa wanakosea kosea. Wewe andika vile mita inasema.”

“Kwa hivyo nikifuata tu reading ya mita, hakuna mahali nitaharibu?”

“Hakuna.”

“Asante sana, mzee. Bila wewe hii ofisi singeielewa.”

Nisijitetee. Nilijua ninachofanya. Nilitaka aanguke mbele ya watu, na nilitaka aanguke kabla mkubwa hajastaafu.

Bili za viwango vipya zilipotoka, watu wa kilimani walijaa dirishani tangu asubuhi. Upepo niliokuwa nikiupunguza kwa penseli sasa ulikuwa umewapandisha ngazi mbili, wengine tatu, na kila ngazi na bei yake. Mwalimu mmoja mstaafu aliuliza kama tunadhani anafuga samaki. Sauti zilipanda, mtu akapiga kaunta kwa kiganja. Nami, Mungu anisamehe, niliagiza chai ya pili.

Nilitarajia binti alie. Hakulia. Aliwasikiliza mmoja mmoja na kuandika malalamiko yao yote, na Ijumaa asubuhi hakuonekana kazini. Nikasema moyoni, amejificha. Kumbe tangu alfajiri alikuwa kilimani, ameketi kwenye kigoda uani kwa mama mmoja mkongwe, mwaitu kama tunavyoita kwetu, macho kwenye mita. Alisikia mfereji ukipiga mluzi, akaona mita ikikimbia, akatia mkono ndani ya debe akalikuta kavu. Saa nne alikuwa ofisini kwa meneja, viatu vimejaa vumbi, nami nikaitwa.

“Huyu ako hapa miezi minne na ameona hii kitu,” meneja akaniambia. “Wewe uko na miaka kumi na saba. Ulikuwa unajua mita inazungushwa na upepo?”

Hapo ndipo nilipoona nilichojifanyia. Nikisema nilijua, basi nimemwacha mwenzangu aharibikiwe na watu watozwe upepo nikiwatazama. Nikisema sikujua, basi nimekula mshahara wa maji miaka kumi na saba bila kuyajua maji. Nikachagua ujinga.

“Sikujua, bwana.”

Nilimgeukia binti. Daftari lenye penseli zangu lilikuwa mapajani mwake, na nikangoja alifungue.

“Hata shule hawatufunzi hiyo, sir,” akasema. “Si rahisi mtu kujua.”

Tulipotoka alinifuata barazani. Aliongea polepole, bila hasira yoyote.

“Mzee, yule mwaitu wa kule juu amekutumia salamu. Amesema hiyo miaka yote ni wewe ulikuwa unawatolea upepo kwa bili.”

Nilingoja aendelee. Alirudi dirishani, akaanza kuwaandikia watu wa kilimani bili nyingine.

Mwisho wa mwaka alipewa kiti, pamoja na nyumba na madirisha yake. Sababu ambayo meneja alinipa ilikuwa fupi: mkubwa wa mapato lazima awe mtu anayejua mahali pesa inatoka. Mke wangu akaacha kupita njia ile. Nilifanya kazi chini ya binti huyo miaka minane, na hata siku moja hakunikumbusha.

Cheo nilikizoea kukikosa, kama mtu anavyozoea goti linalouma. Kitu ambacho sikukizoea ni ile dakika ofisini kwa meneja. Nilikuwa mkononi mwa binti, akanisitiri. Kama ningekuwa mimi ninayeijua siri yake ya namna ile, ningeisema kabla hajakaa kitini. Nalijua hilo vizuri kuliko ninavyojua hesabu yoyote niliyowahi kufanya. Ndiyo maana hata leo, mzee wa kulipiwa bili na watoto wake, bado namwonea wivu.