Punda wa Roma na Mkufu wa Babu

Nakumbuka Jumamosi moja pale Kisesa, mjukuu wangu, nikiwa na miaka kumi na sita, nimesimama nyuma ya pazia tulilolishona kwa shuka nne, nimevaa ndevu za katani, na moyo unadunda kama ngoma ya mavuno. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa mpaka watoto wamepanda ukutani. Tulikuwa tunaingia kuigiza Roma.

Niseme mapema kwamba mimi si msomi. Niliishia darasa la saba. Haya nimeyaandika kwenye daftari, nikayafuta, nikayaandika tena, maana sina hakika kama ninafaa kukufundisha wewe uliyemaliza kidato cha sita. Lakini juzi ulinitumia kwenye simu picha za mazoezi yenu ya hapo Mkolani, mchezo wa Wakristo wa kwanza, ukaniuliza, "Bibi, umeonaje?" Nilifurahi mpaka nikamwonyesha muuza nyanya. Halafu nikaitazama tena ile picha ya tatu, ya yule mpagani wenu aliyevaa kaniki na vibuyu kiunoni, nikaizima simu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mchezo wetu tulifundishwa na katekista Mutalemwa, Mhaya wa kutoka upande wa Bukoba, mtu mwembamba, mpole, anayependa kutaniwa kwa usomi wake. Ramani hakuwa nayo, kwa hiyo Roma alitufundisha kwa ziwa. "Chukueni ziwa letu," alisema. "Mwanza hapa, Bukoba kule, Musoma, Kisumu, visiwa vyote. Sasa fikirini kuna mji mmoja tu unaotawala pwani yote hiyo kuizunguka, kila bandari, kila askari, kila barabara ya mawe. Ndiyo Roma na bahari yake. Na habari ya mtu aliyesulubiwa ikapanda meli kama mikungu ya ndizi inavyopanda Bukoba, asubuhi iko soko la Mwanza."

"Ilibebwa na nani, Mwalimu?" tukauliza.

"Na watu kama nyie. Wachuuzi, watumwa, mafundi wa mahema, akina mama. Wakubwa walikuja baadaye, walipoona watu wameshajaa."

Mwili ulinisisimka, mwanangu. Nilikuwa nadhani dini ilishuka ikiwa na majengo yake tayari. Kumbe ilianzia sebuleni kwa watu, kwa kunong'ona. Na hakutuficha kitu. Alituambia Roma ilijenga mifereji ya maji ambayo mingine imesimama hadi leo, na Roma hiyo hiyo iliwatundika watu misalabani kando ya barabara zake nzuri. Vyote viwili ni kweli, alisema, anayekupa kimoja tu anakudanganya nusu.

Basi tukaingia kazini kwa shangwe. Kofia za askari tulizikata kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, juu tukabandika brashi za kusugulia sakafu. Miguuni walivaa katambuga za matairi, na nakwambia, waliandamana kwa kishindo mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mimi nilishona mavazi yote kwa mkono. Tena nikapewa nafasi niliyoililia, ya kuhani wa sanamu, yule anayewalazimisha Wakristo wafukize ubani mbele ya sanamu ya Kaisari.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mimi nililelewa na Babu na Bibi, wazazi wa mama yangu. Bibi alikuwa Mkristo wa kusali kila siku. Babu hakuwa. Yeye ndiye aliyeshika matambiko ya ukoo, na siku ya kutambika alivaa mkufu wa simbi, zile kauri nyeupe, aliorithi kwa baba yake. Siku nyingine mkufu uliningʼinia ukutani juu ya kigoda chake, wala hakuna aliyeugusa. Waliishi hivyo miaka mingi, kila mtu na sala zake, chungu kimoja. Lakini Bibi alikuwa na hamu moja tu duniani, kwamba siku moja, hata mara moja, Babu aingie uwanja wa kanisa akae naye kwenye benchi. Babu alikuwa anasema, "Siku nikialikwa vizuri." Nilimbembeleza wiki tatu aje kutazama mchezo. Akasema ataona.

Nami, mwanangu, asubuhi ya siku ile niliuchukua ule mkufu ukutani bila kuomba, nikaufunga shingoni mwa sanamu yetu ya udongo wa kichuguu. Nilijiambia unapendeza. Sijui hata leo kama nilikuwa sijui ninachofanya, au nilijua kidogo nikajificha. Nadhani nilijua kidogo.

Mchezo ukaanza. Nikatoka na ndevu zangu, nikajikunja mgongo, nikaongea Kiswahili cha Babu, kile cha kuchanganya "r" na "l" na kuvuta maneno, nikakohoa kikohozi chake kile kile. "Njoni, njoni, mizimu inataka ubani, mizimu haijala tangu jana." Uwanja ukalipuka. Watu walishika mbavu. Sijawahi kuchekewa namna ile, na kicheko cha watu ni pombe, mwanangu. Nikaongeza. Nikaipigia magoti sanamu, nikaunusa mkufu, nikajifanya nimepiga chafya.

Nilipoinua uso nikamwona Babu. Amekaa benchi la nyuma, kavaa koti lake la pekee, Bibi pembeni yake kashika kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili. Babu alisimama, akaja mbele taratibu, watu wakampisha wakidhani ni sehemu ya mchezo. Akafungua mkufu wake shingoni mwa sanamu, akaufuta udongo kwa koti, akaondoka. Bibi akabaki kwenye benchi ameinama.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wangeongeza kwamba wa kijana aliyeshangiliwa hauna hata macho.

Tulimaliza mchezo, sijui vipi. Wenzangu wakala wali, mimi katekista akaniita darasa la mafundisho. Hakunigombeza. Alichukua chaki akachora ubaoni msalaba, na juu ya msalaba mtu mwenye kichwa cha punda, na chini yake mtu mwingine kainua mkono kusali.

"Mwalimu, hiyo si kufuru?"

"Ni kufuru. Lakini sikuibuni mimi. Hii imekwaruzwa ukutani kule Roma, zamani hizo Wakristo wakiwa wachache. Kuna kijana Mkristo walikuwa wanamcheka, wakaandika jina lake na kwamba huyu anamwabudu mungu wake. Walisema tunaabudu punda. Walisema hatuna Mungu kabisa, kwa sababu hatukuwa na sanamu. Hawakuwa wamekuja kutuuliza." Akaniwekea chaki mkononi. "Sasa niambie, Kabula. Leo hapa Kisesa, nani kachora punda?"

Machozi yakanitoka. Lakini nilikuwa na mdomo, na niandike yote kwa haki, nilimjibu. Nikamwambia, "Mwalimu, mazoezini nilipoigiza sauti ile, wewe ulicheka."

Akafuta ubao. "Nilicheka," akasema. "Mkuki kwa nguruwe. Basi kesho baada ya misa tutakwenda wote."

Tulimkuta Babu shambani anainua matuta ya viazi, mkufu kauvaa shingoni ingawa haikuwa siku ya tambiko. Sasa kwetu, mwanangu, na hili vijana wa mjini hamlijui, huwezi kusimama na mikono mitupu ukamwambia jambo zito mtu anayelima. Unachukua jembe, unaingia kwenye mstari, jambo litazungumzwa mkifika mwisho wa shamba. Nikamtupia macho katekista, naye kwa bahati alielewa. Akavua viatu vyake vya kanisani, akapokea jembe.

Babu hakuinua kichwa mpaka tuta la tatu. Akatazama la katekista.

"Mhaya, hilo ni tuta au ni nyoka?"

"Shikamoo, mzee. Kwetu tumezoea migomba. Mgomba hauhitaji kunyooka."

"Marahaba. Ndiyo maana mna muda wa kusoma."

Nilijua hapo kwamba mlango haujafungwa. Tulipofika mwisho wa shamba nikapiga magoti nikasema nilichosema, na katekista akasema chake, kwamba alicheka mazoezini na hakunizuia. Babu akakaa juu ya mpini wa jembe.

"Hao Wakristo wa Roma," akamuuliza, "walichekwa muda gani?"

"Kuchekwa na kuuawa, mzee, kwa vipindi, kama miaka mia tatu hivi."

"Halafu?"

"Halafu Kaisari mmoja akawa upande wao, wakapata nguvu."

"Na walipopata nguvu, waliowacheka waliwafanya nini?"

Nilimwona Mutalemwa anatafuta pa kupitia. Angeweza kudanganya, Babu hakujua kusoma. Akasema, "Wengine waliwasamehe, mzee. Wengine walibomoa mahekalu yao."

Babu akaitikia kwa kichwa taratibu. "Wabeja," akasema, yaani asante. "Mtu anayetaja ubaya wa ukoo wake mwenyewe, huyo naweza kukaa naye. Haya niambie kitu kingine. Kama mlichekwa na kuuawa, mliongezekaje?"

Katekista akamweleza habari za tauni. Kwamba ilipoingia miji ya Roma, watu walikimbia wakaacha wagonjwa, na Wakristo wengi wakabaki wakiwapa maji, wa kwao na wa majirani, hata waliokuwa wakiwacheka. Akasema hakuwa na haki ya kudai ni Wakristo peke yao waliobaki, maana watu wema hawakosekani popote, lakini hilo lilikumbukwa.

Babu akasimama ghafla kama kijana. "Sasa hilo mbona hamkuliigiza? Mmeniitia makopo na ndevu, habari yenyewe mmeiacha nyumbani. Na huyo kuhani wenu mbona mjinga? Mjinga hajengi barabara za kuzunguka bahari."

Mwanangu, wiki ile ilikuwa ya moto. Tulikuwa tumealikwa kuurudia mchezo Bujora Jumapili iliyofuata, na tulikuwa na siku sita za kuubadilisha. Kuhani akawa mzee mwenye heshima zake, anayeamini kweli anachoamini, mpaka tauni inapomwangusha na watu wake wanamkimbia. Aliyenifundisha kusimama na kusema kama kuhani huyo ni Babu, uani kwetu, akiwa amekaa kwenye kigoda. "Usijikunje. Mzee hajikunji, mzee anainama kwa hiari yake." Bibi alikuwa anapita na ndoo akijifanya hasikii, huku anatabasamu. Lakini kama atakuja Bujora, Babu hakusema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Benchi moja lilikuwa limeshaharibika mkononi mwangu.

Jumapili ikafika, na nikatazama mabenchi. Babu yupo. Benchi la mbele, koti lile lile, mkufu wa simbi juu yake mchana kweupe, Bibi ameegemea bega lake.

Tukafika tauni. Kuhani nimelala chini, naita maji. Msichana wa Kikristo anatakiwa aje na kibuyu. Akaja, akapiga magoti, nikaona macho yake yamemtoka. Kibuyu kimesahauliwa Kisesa. Mikono yake mitupu. Nikaita tena, "Maji," nikimpa muda. Nikaita mara ya tatu, na sauti ilikuwa yangu sasa, si ya kuhani.

Nikasikia benchi linalia. Babu alikuwa ametembea kwa miguu toka nyumbani, na mtu wa zamani hatembei bila kibuyu chake. Akavuka mstari wa chaki, akapiga goti kwa shida, akaniinua kichwa kwa mkono wake mmoja. "Kunywa, mzee mwenzangu," akasema, kwa Kiswahili chake kile kile nilichokuwa nimekicheka, na safari hii hakuna aliyecheka. Nikanywa. Maji yalikuwa na ladha ya moshi. Kisha nikasikia kigelegele kimoja chembamba, cha Bibi, halafu uwanja mzima ukaitikia.

Usidhani nakwambia Babu alibatizwa. Wengine wanasema alibatizwa mwishoni hospitalini. Sikuwepo, siwezi kusema. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile alikaa na Bibi kwenye benchi kila Krismasi, na mkufu wake shingoni, na katekista hakumwambia auvue.

Sasa nasaha yangu, nayo ni fupi kuliko hadithi. Mvueni mpagani wenu zile kaniki na vibuyu. Yale si mavazi ya Roma, ni mavazi ya mama za watu watakaokaa benchi la nyuma. Simulia imani yako kwa nguvu zote, hata watu wasimame, lakini usimchore mwenzako punda ili wewe uonekane mtakatifu. Waliotutangulia walichorwa hivyo, na haikuwazuia kuteka maji. Ukikosea, usitume ujumbe wa simu. Nenda kwa miguu yako, shika jembe, ulime mpaka mwisho wa shamba ndipo useme. Na ukiulizwa ubaya wa watu wako, utaje.

Kama nimekosea jambo lolote la Roma, nisahihishe bila kunicheka sana. Mungu akupe sauti ya kujaza uwanja na masikio ya kusikia benchi la nyuma. Akupe miguu isiyochoka barabara ndefu. Na siku utakapokuwa umelala chini unaita, mikono ya wenzako ikiwa mitupu, asikose mtu wa kuinuka na kibuyu chake.