Mjomba Aliyegeuka Baba Mdogo

Siku fundi mizani alipoingia dukani kwake mara ya kwanza, Mama Filamu alidhani amepata mteremko. Mzee mfupi, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, bisibisi zimejaa mfuko wa kifuani. Alinunua ile filamu ya vyombo vya angani, Kimondo, sehemu ya kwanza na ya pili, bila kuomba apunguziwe. Kesho yake asubuhi akarudi. Hakutaka kurudishiwa fedha. Alitaka maelezo.

"Yule nahodha alikufa mwisho wa ya kwanza. Ya pili namwona anakunywa maji!"

"Alinusurika, fundi."

"Alilipuka, mama! Kofia ilikwenda huku, yeye kule!"

Mama Filamu alianza biashara kwa kutandika diski juu ya gunia kwenye kituo cha mabasi, na mteja kumwondokea mikono mitupu ilikuwa mwiko. Akampa ya tatu kwa nusu bei ili anyamaze. Hakunyamaza. Kwa miaka kumi na mmoja, kila sehemu mpya ilipotoka, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kununua na wa kwanza kurudi na malalamiko.

"Mtambo wa kulipua sayari wameujenga mara ya nne, na tundu lile lile! Mimi mizani ikiharibika pale pale mara mbili, sokoni hawanipi ya tatu."

"Si uache kutazama basi?"

Alimtazama kana kwamba ameambiwa aache kula.

Mama Filamu alimvumilia kwa sababu moja. Wachuuzi walioleta mizani benchini kwake walisubiri hapo hapo, na wakisubiri aliwasimulia Kimondo. Wakitoka hapo walikuja dukani kununua. Soko zima lilinunua kwa mdomo wake.

Ndipo ikaja sehemu ya kumi.

Filamu hizo husemwa kwa lugha ya ugenini, na lugha hiyo ina neno moja tu kwa kaka wa mama na kwa ndugu wa baba. Anayechagua ni mtafsiri. Mtafsiri wa duka alikuwa mdogo wake Mama Filamu, aliyeitwa Domo, na aliingiza sauti za Kiswahili katika chumba cha nyuma, kilichozungushiwa magodoro chakavu ili kelele za barabarani zisiingie. Katika Kimondo kuna mzee wa injini anayemlea binti rubani, mrithi wa kiti cha enzi; Domo alimwita "mjomba" kwa kuwa ndilo neno lililomjia kwanza. Likapita sehemu tisa. Fundi akajenga juu ya neno hilo yote aliyowasimulia wachuuzi: kiti cha enzi ni cha ukoo wa baba, mjomba hana chake pale, kwa hiyo anamlea yule binti kwa mapenzi matupu.

Sehemu ya kumi, mzee wa injini anavua glavu na kusema, "Baba yako ni kaka yangu. Kiti ni changu." Domo hakuwa na pa kutokea. Akaitafsiri hivyo hivyo.

"Fundi!" muuza nyama alimpigia kelele asubuhi iliyofuata. "Mjomba wako kahamia upande wa baba!"

"Na ratili zangu ulisema ziko sawa kwa mdomo huo huo?" akadakia muuza vitunguu, na watu wakaangua kicheko.

Ilianza kama utani. Siku ya tatu, muuza maharage alibeba mizani yake akaipeleka kwa fundi mwingine.

Fundi akaingia dukani bila hata kubisha hodi. "Mmenitia aibu. Rekebisheni zote tisa."

"Zote tisa?" Domo alichomoza kichwa chumba cha nyuma. "Mzee wangu, unajua hilo neno limetajwa mara ngapi?"

"Mia mbili na kumi na nne. Nimehesabu."

"Na 'baba mdogo' ni refu. Yule kafunga mdomo, mimi bado nasema 'mdogo'."

"Sema 'ami'."

"'Ami' ni laini, mzee. Ikikutana na mlipuko haisikiki!"

Mama Filamu alikuwa ameshaanza kupiga mahesabu. Soko likimdharau fundi, nani atamletea yeye wateja? Na duka la filamu la ng'ambo ya barabara lilikuwa limeanza kunadi kwamba tafsiri za Mama Filamu ni za kubahatisha.

"Fundi, tutarekebisha," alisema. "Ila Domo hapati nafasi ya sauti zote. Yule mzee msemee wewe, hata katika ya kumi. Bure. Nami sokoni nitatangaza kwamba kosa lilikuwa letu, na wewe ndiye uliyelisahihisha."

"Bure?"

"Na Kimondo hunilipi tena maisha yako yote."

Akakubali. Wiki tatu, kila mchana, alikaa kati ya magodoro, jasho likimtiririka, akisema "binti wa kaka yangu" mpaka sauti ikamkauka. Iliyomkera zaidi ni sehemu ya nne, pale mzee anapomficha binti barua ya mfalme. Miaka yote alisema ni huruma. Sasa ilibidi aiseme kama mtu anayevizia kiti.

"Soma na roho mbaya kidogo, mzee," Domo akamwelekeza.

"Hakuwa na roho mbaya!"

"Sasa anayo. Twende tena."

Mama Filamu alisimama sokoni kama alivyoahidi, akakiri mbele ya wauza nyama. Muuza maharage akarudisha mizani. Zile kumi mpya zikauzika kuliko zile za zamani, kwa sababu kila mchuuzi alitaka kumsikia fundi wake akinyang'anya kiti cha enzi, na duka la ng'ambo halikuwa na sauti ya namna hiyo.

Ya kumi na moja ilipofika, Mama Filamu alimpelekea mwenyewe benchini. Fundi hakuuliza kama nahodha kafufuka tena, wala habari za tundu.

"Mzee ana maneno mangapi humu?"

"Huitazami kwanza?"

"Niitazame ya nini? Nitaiona nikiisema. Na safari hii si bure."

Wakapatana bei pale pale, wala fundi hakumlegezea. Mama Filamu alirudi dukani akiwa na sauti ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na bila yule mteja wa siku ya kwanza.