Ndege Yule, Ndege Ile

Mimi mtu wa ofa, sifichi. Hapa Kibiti wauza mitumba wananijua, wakiniona nakuja wanapandisha bei mapema ili wapate pa kuishushia. Kwa hiyo ilipotua ile picha kwenye kundi letu la simu la walimu wastaafu, chumba chenye chandarua cheupe kisiwani Mafia, ndege kwenda na kurudi, bei ya msimu wa mvua, wenzangu walituma vicheko. Mimi nikapiga simu.

Jirani yangu aliposikia alishika kiuno. "Wewe, mtoto wa Delta, ukalipie kutazama mikoko? Tena uende mpaka Dar kupanda ndege, na boti ya Mafia inatokea hapa Nyamisati?"

"Boti naijua," nikamwambia. "Ndege siijui."

Sikumwambia lililobaki. Nyumba yangu ilikuwa imenichosha kwa ukimya. Mume wangu Mungu alishamchukua, watoto wako mbali na wananikumbuka Ijumaa, na darasa nililozoea kelele zake lina mwalimu mwingine. Nilikuwa mpweke mpaka nikawa nabishana na redio.

Binti aliyepokea simu kwa wakala wa safari alinisikiliza, kisha akasema, "Ila ofa ni ya watu wawili, mama."

"Na mimi niliye mmoja?"

"Utalipia wawili."

"Nilipie kitanda cha mtu ambaye hayupo?"

"Ndivyo ilivyo, mama yangu."

Alijibu kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniudhi. Ofa yenyewe ilikuwa kama doti ya kanga dukani, hawakukatii upande mmoja. Nikakaa kuwaza wangu wa pili ni nani, na sikuwaza sana. Nilikuwa na dada yangu tu.

Dada yangu hajawahi kwenda mbali kupita Kibiti. Mimi nilisoma nikaondoka, yeye akabaki Delta na mpunga, akawauguza wazazi wetu na kuwazika. Utotoni tulikaa pamoja juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, tukiamia ndege. Tulipiga madebe, tukarusha udongo kwa kombeo, wasije wakamaliza mpunga. Na kila siku ile ndege ndogo ya Mafia ilipita juu yetu. Ndege wa shambani tuliwapigia kelele waondoke. Ile ya juu tuliipigia kelele ishuke. Dada yangu hakuwatenganisha, kwake wote walikuwa viumbe. "Yule ndege kapita!" Nilipokuwa mwalimu nilimsahihisha: sema ile, dada, haina roho. "Kama hana roho, mbona ananguruma?" akanijibu, na hajabadilika mpaka leo.

Nikapanda boti nikamfuata kisiwani kwake, huko huko Delta. Nilimkuta juu ya dungu, shamba lile lile. Nikamweleza safari, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ndege nimewafukuza maisha yangu yote, leo niingie tumboni mwa mmoja wao?"

"Utakaa dirishani," nikamwambia. "Utaliona shamba lako kutoka juu."

Hapo akaanza kuuliza. Mlango unafungwa kwa ndani au kwa nje? Ndege akizimika huko juu, wanafanyaje? Mtu akibanwa na haja je? Mimi mwenyewe sikujua hata moja, lakini nilijibu yote kama niliyezaliwa uwanja wa ndege. Mwisho akasema haya, mdogo wangu, tutakwenda. Nilikuwa nimemchukulia doti, tukaikata, yeye upande wake, mimi wangu. Njia nzima ya kurudi Nyamisati nilicheka peke yangu ndani ya boti, watu wananitazama.

Safari ilipokaribia alinipigia. Simu yake inashika mtandao akiwa juu ya dungu tu, kwa hiyo nilijua yuko wapi.

"Mpunga umekomaa," akasema. "Nikiondoka wataumaliza."

"Tafuta mtu akuamie."

"Kila mtu yuko kwenye lake. Tena naogopa, mdogo wangu. Nisamehe."

Niliwaka. Nilimwambia kwamba siku zote yeye ni mtu wa kubaki, kwamba hata peponi ataitwa aseme mpunga umekomaa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Nitakaa hapa hapa," akasema. "Ndege yule akipita nitampungia kanga yangu. Wewe utaniona. Si tutakuwa wote?"

"Ndege ile," nikasema, nikakata simu.

Dar, kwenye zile ndege ndogo, wanakupandisha wewe na mkoba wako kwenye mizani, wakupange kama shehena ya boti, chombo kisilale upande. Kupimwa hakukuniudhi. Niliudhika nilipoambiwa nikae kushoto.

"Mwanangu, Delta itakuwa upande gani?"

"Kulia, mama."

"Basi nihamishie kulia."

"Uzito, mama."

Loh! Mbele za watu. Nikakaa kushoto. Kiti cha pembeni yangu, kile cha dada yangu, kilikuwa kitupu. Rubani alipita akakifunga mkanda usije ukaning'inia, akaukaza vizuri. Sijui kwa nini jambo lile lilinitoa machozi.

Ilipopaa nilisoma dua zote ninazozijua, nyingine nikazirudia. Tukaingia kwenye mawingu, ikaanza kurukaruka kama gari kwenye mashimo ya masika. Mkono wangu ulitafuta mkono wa mtu ukakuta kifungo cha ule mkanda. Nikakishika hicho hicho. Mawingu yalipoachana, nikageuka kulia. Bwana aliyekuwa dirisha la kule alikuwa amelala, kofia yake pana imeziba kioo chote. Amelala, jamani! Kwenye dirisha la dada yangu! Nilinyanyuka, rubani akanionya nikae. Nikakaa. Mpaka tunashuka Mafia nilikuwa nimeona kofia tu.

Chumbani palikuwa na mataulo mawili, vikombe viwili, ndala jozi mbili. Mhudumu akaniuliza kama mwenzangu anafuata.

"Mwenzangu anaamia ndege," nikamwambia.

Akatazama upande wa uwanja wa ndege, akaniangalia tena, akaondoka taratibu. Nilicheka, na hapakuwa na wa kucheka naye. Simu ikaita.

"Nimemwona!" Dada yangu alikuwa anapiga kelele. "Amepita juu yangu kabisa! Nimepunga mpaka bega linauma. Nimeita kama zamani. Umeniona?"

Nilikuwa nimekaa upande mmoja wa kitanda. Mto wa upande wa pili ulikuwa haujaguswa.

"Nimekuona, dada."

"Kweli?"

"Uko juu ya dungu, unapunga kanga."

Nikamsikia anavuta kamasi. "Basi Jumapili ukirudi nitapunga tena," akasema.

Mvua ilinyesha karibu muda wote. Nilikula samaki ninaowajua, nikatazama mikoko ninayoijua, chai nikanywa kwenye kikombe kimoja na kingine nikakifunika. Nilikuwa naisubiri Jumapili kuliko nilivyoisubiri safari yenyewe.

Siku ya kurudi niliwaambia nipimeni mnavyotaka, lakini dirisha la upande wa Delta ni langu, la sivyo nabaki hapa hapa mizanini. Wakanipa. Anga lilikuwa jeupe, mvua imeosha kila kitu. Delta ikaja yote, mito inagawanyika, mikoko, kisha mashamba ya mpunga ulioiva. Nilibandika paji la uso kwenye kioo. Nikakitafuta kisiwa chetu na nadhani nilikipata. Lakini tulikuwa juu mno. Sikuona dungu. Nyumba zenyewe sikuweza kuzitenga, sembuse mtu, sembuse kanga. Hata ningekaa kulia siku ile nisingemwona. Na sisi wawili, miaka yote ile tulipokuwa tukiita, hakuna aliyetuona.

Nilivua kanga yangu kichwani, nikaipunga pale dirishani mpaka Delta ikaisha.

Tulipotua Dar niliwasha simu nikiwa bado kitini, nikapanga maneno ya kumwambia, kwamba nimemwona vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza. Ikaita kabla sijafungua mkanda.

Yeye akaniwahi. "Nimekuona, mdogo wangu," akasema. "Ulikuwa dirishani, unapunga."

Abiria walikuwa wanasimama, wanavuta mabegi yao, mmoja akaniomba nimpishe.

"Alishuka kidogo leo, yule ndege," dada yangu akasema. "Au siyo?"

"Ndiyo, dada," nikamwambia. "Yule alishuka."