Vidonge vya Mwaisha

Mwaisha ni mtoto wa dada yangu, na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Mimi maneno ninayo hata ya kugawa. Shule niliishia la sita, lakini hapa Mlali hakuna kikao kinachofungwa kabla sijasema.

Alikuwa akilima nyanya na kuziuza mwenyewe. Figo zake zilipokufa, kaka yake Mwinshehe, fundi mwashi, akampa moja ya kwake. Hospitali wakaipandikiza, wakampa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni, maisha yote. Daktari alisema mwili una askari wake. Wakiona figo ya mtu mwingine wanaipiga. Vidonge ndivyo vinavyowashika mikono.

Miaka miwili alivimeza. Sokoni alivaa barakoa, maana askari walioshikwa mikono hawazuii hata kikohozi cha mteja. Mimi kazi yangu kumtania.

"We binti, unapewa dawa kila siku kama kuku wa kisasa!"

"Mjomba nawe! Usinichekeshe, kitanipalia."

Lakini vidonge vilimtetemesha mikono, hadi nyanya zikamponyoka mbele ya wateja. Mwaka jana akachoka. Badala ya kumuuliza daktari, akaniuliza mimi. Nikajibu kwa sauti yangu ya kikao: "Wewe na Mwinshehe mmelala tumbo moja, ukoo mmoja. Mtu atakataaje damu ya kwao? Hiyo figo si mgeni tena, imeshazoea. Acha."

Akaacha. Mikono ikatulia, nami nikatamba kijiweni kwamba nimewashinda madaktari.

Wiki ya sita miguu ikavimba, mkojo ukawa wa matone. Tulipomfikisha mjini, figo ilikuwa imeshakufa.

"Hata ndugu wa tumbo moja ni mgeni mwilini," daktari alisema. "Nani alikuambia uache?"

Mwaisha akanitazama, kisha akainamisha uso. "Nilisahau tu, daktari."

Nami, mwenye mdomo wangu wote, nikanyamaza.

Sasa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na nyanya zimemezwa na magugu. Mwinshehe alipokuja kumwona, nilimzuia mlangoni.

"Hakusahau. Mimi ndiye niliyemwachisha."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea.

"Mjomba," alisema taratibu, "mimi nimebaki na moja tu." Akanipita, akaingia kwa dada yake.