Meza ya Maalim Athman

Nikifumba macho, mwanangu, siku zile hunijia na mlio wa cherehani. Chini palikuwa na fundi wa kanzu, na sisi tulikuwa juu, orofa ya pili ya nyumba moja ya zamani ya Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, katika chumba chenye kompyuta sita na madirisha ya mbao. Mchana jua likipenya katikati ya mbao lilichora mistari sakafuni, na vumbi likaelea ndani ya mistari ile polepole, na ukilitazama mno hukujua kama uko macho ama umelala. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Akili nilikuwa nayo nyingi, adabu nusu.

Nakwambia haya kwa sababu juzi nilikuwa nimejinyoosha hapa sebuleni, mkadhani nimelala, nikakusikia wewe na mwenzako wa kazini mkivutana juu ya programu ya kuwapa wale kina mama wa mtaa wa Bondeni mnaowafundisha. Wewe wapenda hii, yeye apenda ile. Mlipandishiana sauti hata chai ikapoa. Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, maana ile sauti yako niliijua. Ilikuwa yangu.

Miaka hiyo ya tisini kompyuta ilikuwa kitu cha maofisini. Zetu sisi zililetwa na jamaa wa Mji wa Kale waliokuwa wakiishi ng'ambo, zimeshatumika hadi zimechoka, na kamati ya madrasa ikatupa chumba tufunze watu wa mtaa. Tulikuwa wawili, mimi na Kazungu. Kazungu alikuwa kijana wa Kaloleni, Mkristo, akikaa Buxton na akifanya kazi ya ufundi bandarini, na akitoka zamu huja kwetu alasiri. Mtu mpole, lakini mkaidi, sikwambii. Yeye ndiye aliyezitia mashine zote Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa kuwa ilikuwa ya bure na mtu aliweza kuifungua na kuigeuza apendavyo.

Na Linux ina hili, nawe wajua: haikulazimishi sura. Ile meza uionayo kwenye kioo ukiwasha, pa kubofya pawe wapi, madirisha yavae nini, wachagua mwenyewe. Siku hizo meza mbili ndizo zilizokuwa zikishindana, KDE na GNOME. Kazungu alikuwa mtu wa KDE. Alipenda kila kitu kikae mahali pake, kitufe chini kushoto, orodha imenyooka. Mimi nilikuwa wa GNOME, damu na nyama. Nilipenda vile nilivyoweza kuipamba: madirisha yenye kingo nyeusi za kung'aa, zambarau ikififia ikawa buluu, na nyuma ya yote picha ya mlango wa nakshi. Mashine zetu zilikuwa zikivuta miguu kwa uzito wa mapambo yale, nami sikujali. Nilikaa nikizingojea huku nikiota, na mara nyingine nikasahau nilichokuja kufanya.

"Salma, hiyo yako ni ya kutazama," Kazungu akiniambia. Nami nikimjibu kuwa yake ni ya karani anayengoja kustaafu. Ulikuwa utani, lakini utani wenye meno. Mwisho kamati ikachoka nasi. Wakasema wanafunzi wanachanganyikiwa, chagueni meza moja iwe ya mashine zote, na mkishindwa tutamsikiliza Maalim Athman, kwani yeye ndiye mwanafunzi mkubwa kuliko wote.

Maalim alikuwa mwalimu mstaafu aliyewafunza nusu ya watu wa Kuze kuandika majina yao. Alikuwa na presha ya macho, ule ugonjwa unaokula mwanga kidogo kidogo kutoka pembeni, na daktari alishamwambia uliobaki si wa kuuwekea mipango ya mbali. Basi alikuwa akikimbizana nao. Alikuwa na daftari la marehemu babake, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ndani yake majina ya vichochoro vyetu vyote, nyumba kwa nyumba, nani alijenga, nani alizaliwa humo, nani aliolewa akahamia wapi. Babake aliandika kwa mkato, kwa alama zake mwenyewe, na aliyezijua alikuwa amebaki Maalim peke yake. Kila asubuhi alikuja na kioo cha kukuzia, akasoma mstari mmoja, akauandika kwenye kompyuta, akasoma mwingine. Kilikuwa kitabu kinazaliwa mbele ya macho yetu. Siku moja aliniambia, "Nimo kwenye kichochoro cha wafua fedha. Nikimaliza hiki, kinachofuata ni chenu, Salma, alikozaliwa nyanyako." Nyanya yangu alifariki kabla sijawa na akili ya kumwuliza chochote. Nilikihesabia siku kichochoro kile.

Ikatokea Maalim akafiwa na dadake Lamu. Akaenda mazikoni, akakaa huko wiki mbili. Na mimi, mwanangu, katika wiki mbili hizo nikaona nafasi yangu. Nilijiambia namwandalia mzee kitu cha kumpoza akirudi na msiba. Nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine nilitaka neno lake mbele ya kamati. Nikaiondoa KDE kwenye mashine yake, nikatia GNOME, nikaipamba siku tatu nzima. Orodha nikaipandisha juu, vitufe nikavipanga upande wa kulia kwa duara, madirisha nikayavisha kingo zile za kung'aa. Nyuma nikaweka picha ya kichochoro chake mwenyewe. Nilipomaliza nilisimama nyuma ya kiti nikaitazama, na wallahi ilikuwa nzuri. Kazungu alikuja akatazama, akakuna kidevu, akaniuliza, "Umemwuliza mwenyewe?" Nikamwambia wivu utamwua.

Maalim akarudi. Nikamshika mkono nikamkalisha, nikawasha. Alisogeza uso hadi karibu na kioo, akaupitisha pembe hadi pembe. Kisha akasema, "Mashaallah. Mikono yako mizuri, Salma. Mungu akubariki."

Kichwa kikanivimba. Kazungu alipotoka zamu alasiri ile nilimpokea ngazini. "Maalim ameshachagua," nikamwambia. Akaniuliza, "Amesema amechagua, au amesema pazuri?" Nikamwona mtu asiyejua kushindwa. Na mimi nimezaliwa Mji wa Kale. Nilijua kuliko yeye kwamba watu wetu hawakwambii chakula chako kina chumvi; hula, hushukuru, wakenda zao. Nilijua, lakini nilitaka kusifiwa, basi nikajisahaulisha.

Siku ya pili Maalim alikaa saa moja, akaondoka mapema. Ya tatu hakuja. Akaleta habari kuwa ana mafua. Kisha ana wageni wa Lamu. Kisha kuna arusi ya mjukuu wa jirani. Wiki zikapita namna hiyo, moja ikaingia ndani ya nyingine, cherehani likilia chini, kiti chake kitupu juani. Nikajipa majibu: mzee ana majonzi ya dadake, mwache apumzike. Wiki ya tano nikapika mkate wa sinia, nikauchukua nikaenda kumwangalia.

Alikuwa akikaa na dadake mwingine, Bi Zuhura, nyumba ya mbele kidogo kupita msikiti. Nilibisha hodi, nikaamkia, Bi Zuhura akanikaribisha chumba cha juu na kutuletea kahawa. Maalim alifurahi kunisikia, akaniuliza habari za nyumbani mmoja mmoja. Nikamtazama akitembea humo ndani. Alikwenda dirishani akalifungua bila kupapasa, akarudi akakaa, mkono wake ukashuka pale pale kwenye meza ndogo, ukakikuta kikombe, ukakirudisha. Nilifikiri macho yamepata nafuu. Nikafurahi, nikaanza kukata mkate, na ili nipate pa kuweka sahani nikakisogeza kile kikombe chake upande wa pili. Kitu cha shubiri moja tu.

Mkono wa Maalim ukashuka pale pale. Haukukuta kitu. Ukasita hewani, vidole vikafunguka, vikatafuta kushoto, vikatafuta kulia, vikagusa sahani vikarudi. Aliurudisha mkono mapajani, akaukunja, akaendelea kuniuliza habari za mama, kana kwamba hakuwa na haja ya kahawa tangu awali.

Bi Zuhura akainuka taratibu, akakirudisha kikombe mahali pake. "Mwanangu, nyumba hii hatusogezi kitu," akasema, bila ukali.

Niliiona ile meza yangu ya zambarau. Niliuona mkono huu huu ukitafuta kitufe chini kushoto, nami nimekipandisha juu. Nikaweka kisu chini. "Maalim," nikasema, "ile kompyuta. Nilikuharibia?"

"Ilikuwa nzuri," akasema. "Lakini mimi, Salma, sikuwa nikiona. Nilikuwa nikikumbuka. Kazungu aliponiwekea ile ya kwanza alikaa nami siku mbili akiniuliza, hiki uwekewe wapi, na hiki wapi, mpaka mkono ukajua wenyewe. Macho niliyaweka akiba kwa daftari la baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni macho yamekwisha. Nilikaa pale nikitafuta, nisione kitu, nikasema basi, siku yenyewe ndiyo hii. Nikalifunga daftari." Akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoniumiza kuliko yote. "Halafu wewe ulinionyesha, mwanangu. Hukuniuliza."

Nililia pale pale mbele yao, na mkate wangu haujaliwa. Mzee alikaa wiki tano nyumbani akijua amekwisha, kwa sababu yangu mimi niliyetaka kumshinda Kazungu.

Nilimngoja Kazungu siku hiyo mlangoni kwa fundi wa kanzu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno yake yote. Nikamweleza, nikamwambia irudishe meza ya Maalim, mimi nilishaifuta na sikumbuki ilivyokuwa. Hakunicheka. Alipanda juu, akatoa kwenye mtoto wa meza kipande cha karatasi ya boksi, amechora kwa kalamu ya risasi kila kitu cha Maalim kilipokaa. Alikiweka tangu siku ile ya kwanza. Tukaitia KDE wawili, yeye akisoma, mimi nikipanga, na tulipomaliza nikakaa kwenye kiti cha Maalim, nikafumba macho, nikajaribu mimi mwenyewe kuanzia mwanzo hadi faili likafunguka.

Maalim alirudi. Mkono ukashuka kushoto, ukakikuta kitufe, akacheka kama mtoto. Akafungua daftari, akaweka kioo cha kukuzia, akainama. Akainama zaidi. Akageuza ukurasa upande wa mwanga, akaurudisha. Mimi na Kazungu tulisimama nyuma yake. Wino ule ulikuwa umefifia tangu hapo, na wiki tano kwa macho yale zilikuwa nyingi. Aliufuata mstari mmoja kwa kidole, akasema jina moja, la pili hakuliona. Akalifunga daftari kwa taratibu sana na kuliweka mapajani.

Yale aliyokuwa nayo kichwani alitutamkia, nami nikaandika, miezi minne, nikiwa nimekaa kwenye meza yake ya KDE. Vichochoro alivyocheza utotoni tulivipata. Chetu hakuwahi kucheza huko. Chetu kilikuwa daftarini tu. Tulimpelekea mzee mwingine, akasoma herufi, lakini zile alama za mkato akasema hazijui. Kitabu kiko kabatini, mwanangu, ukitaka kitazame. Baada ya wafua fedha pana jina la kichochoro chetu, na chini yake ukurasa mweupe. Mama wa nyanyangu aliitwa nani, nyumba ilikuwa ipi, sijui, na wewe hutajua, na atakayezaliwa nawe hatajua.

Ukitaka kujua, GNOME niliendelea kuitumia mashine yangu miaka mingi, na bado naiona nzuri. Kazungu hakubadilika hata alipokuwa na mvi. Kupenda kwetu hakukuwa na kosa, na kubishana kwetu kulikuwa na raha yake. Kosa lilikuwa kukichukua nikipendacho mimi nikakitandika juu ya meza ya mtu mwingine naye hayupo, kisha nikaipokea adabu yake kama jibu.

Basi nasaha yangu ni hii. Kesho ukienda Bondeni, wewe na mwenzako yaacheni yenu nje. Kaa na kila mama, mwulize mkono wake umezoea wapi, na akikwambia pazuri usiondoke, mwulize tena, kaa hata ukichelewa chakula. Watu wetu hawakwambii mara ya kwanza. Usimpangie mtu asubuhi yake kwa sababu wewe umeota vizuri usiku.

Mola akuhifadhi, mwanangu, akulainishie moyo na ulimi. Akupe rafiki mkaidi wa kukuuliza kama umeuliza. Na siku macho yako nayo yatakapochoka, mkono wako ukishuka, ukikute kikombe mahali pake.