Kamera Tatu Barabara ya Puge

Bimdogo si mdogo. Jina alipewa na shangazi yake siku aliyozaliwa, likamkaa kabla mwili haujatoa maoni. Sasa ni mama mtu mzima, anaishi Ipuli mjini Tabora, na ukiingia sebuleni kwake lazima uruke nyaya kama mtu anayevuka shamba la viazi. Kwa mwanamke anayejitangaza mjini kote kuwa mtaalamu wa kurusha picha bila waya, nyumba yake ina waya nyingi mno.

Kazi yake ni kurusha matukio mubashara, hasa yale yasiyotulia mahali pamoja: maandamano ya maulidi, mbio za baiskeli, misafara ya harusi. Alianza vibaya. Huko Kaliua alirusha harusi ya jamaa zake kwa simu moja na laini moja, akiwa amewaahidi ndugu wa Maskati kwamba wataona kila kitu kana kwamba wamekaa mkekani. Mtandao ukazimia katikati ya chakula. Picha ikaganda bwana harusi akiwa amefumba jicho moja na tonge la pilau limejaa mdomoni, na Maskati wakamtazama hivyo hivyo mpaka sherehe ikaisha. Bibi mmoja alipiga simu kuuliza kama kijana amepooza, na kama familia ya mwali ilijua.

Mtu mwingine angerudi kuuza vitenge. Bimdogo alinuna wiki nzima, kisha akaanza kuisumbua dunia. Alinunua kisanduku kinachobeba laini za mitandao yote kwa pamoja, ili moja ikikata pumzi nyingine zibebe picha. Alifunga antena ndogo kwenye kila kamera, ipeleke picha yake kwenye gari lake la Noah, na yeye akae ndani mbele ya kioo cha picha kilichogawanywa vyumba, achague kwa kitufe watazamaji waone ipi. Aligundua kwamba kisanduku kikipigwa na jua kinaugua kama mtoto, akakiwekea feni. Aligundua pia kwamba picha ikicheleweshwa nusu dakika kabla ya kumfikia mtazamaji, mashimo ya mtandao hayaonekani. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kukaa naye. Hata msibani alikuwa anawaeleza wafiwa habari za antena.

Sifa hizo zilimfikia ami yake, Mzee Ghalibu, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na magoti mabovu. Mzee alikuwa mwenyekiti wa kamati ya matembezi ya kukumbuka njia ya misafara ya kale, mwendo wa siku kadhaa kutoka Tabora mpaka Puge. Alimwita Bimdogo kikaoni.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Nataka watu wa Maskati, Dar es Salaam, na London wanione nikitembea. Nitatembea mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, kama alivyotembea babu yangu. Na picha isikatike hata kidogo. Umenielewa? Isikatike."

Omari, fundi seremala aliyealikwa kwa sababu angetengeneza masanduku ya wapagazi, akakohoa. "Mzee, samahani. Mimi nilivyosikia nyumbani, babu yako alipanda punda. Aliyetembea ni babu yangu, tena na mzigo wa babu yako kichwani."

Wajumbe wote wakainamia vikombe vyao vya chai. Mzee Ghalibu akasema historia ni ya watu wote, kikao kikaendelea.

Kamati ikagawa kazi kwa namna ambayo historia yenyewe isingeilalamikia. Wafanyabiashara wakashonewa majoho. Vijana wa Kinyamwezi wakapewa kaniki na masanduku ya kubeba kichwani. Masanduku yalikuwa matupu, isipokuwa la Omari, ambamo Bimdogo alificha kamera iliyochungulia kupitia tundu. Hiyo ilikuwa kamera ya pili. Ya kwanza ilifungwa kifuani mwa Yahaya, dereva wa bodaboda, atangulie mbele. Ya tatu ilikaa juu ya Noah. Bimdogo na Yahaya walikuwa wameipita barabara yote kabla, simu za kila mtandao mkononi, wakipima wapi panashika na wapi hapashiki. Ndani ya gari, mgongo kwa kioo, alikaa Sabiri, mshereheshaji wa harusi, aliyeajiriwa kutangaza. Sabiri hakuhitaji kuona kitu. Alikuwa ameandika kila kitu nyumbani.

Matembezi yakaenda vizuri kupita kiasi. Picha haikutetereka. Maskati walituma mioyo na maua. Mzee Ghalibu alionekana akitoka Tabora kwa hatua za kifalme, kisha kila baada ya muda akaonekana akipita mbele ya kamera na fimbo yake. Katikati hapo, kwa sababu za kiafya, hakuonekana. Bimdogo alilijua hilo na alilinyamazia, maana ami ni ami.

Siku ya mwisho asubuhi, mmoja wa wapagazi alivuliwa kiatu, malengelenge yamepasuka, mguu unatoka damu. Bimdogo akafungua mlango wa Noah aingie. Mzee Ghalibu akasogea.

"Hapana. Wapagazi hawakupanda magari. Tutaharibu uhalisia."

"Ami, mguu wake umekwisha."

"Mfunge kitambaa, atembee. Tunakaribia."

Kijana akafungwa kitambaa, akatembea. Bimdogo akarudi kwenye kioo chake bila neno. Wanaomjua wanasema Bimdogo asiyesema ni wa kuogopwa.

Karibu na kuingia Puge, Yahaya alisimama kwenye daraja dogo kusubiri kichwa cha msafara. Hapo ikatokea Land Cruiser nyeupe kwenye njia ya pembeni. Ikasimama nyuma ya vichaka, ambako haikuonekana na mtu yeyote isipokuwa Yahaya na kamera iliyokuwa kifuani mwake.

Bimdogo aliiona picha kwenye chumba cha kwanza cha kioo. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kamera ya pili, ambayo wakati huo ilikuwa inaonyesha kisigino cha yule kijana, aliyekuwa mbele ya Omari, na kitambaa chekundu. Akakitazama kisigino. Akabonyeza ya kwanza.

Mzee Ghalibu alishushwa kwa kushikwa mikono miwili. Msaidizi mmoja akammwagia maji ya chupa usoni na shingoni. Mwingine akachota vumbi akampaka kwenye pindo la joho, akarudi nyuma kuangalia, akaongeza kidogo. Mzee akapewa fimbo. Akaanza kuchechemea kabla hajapiga hatua.

Na Sabiri, mgongo kwa kioo, alikuwa amefika ukurasa wake mtamu kuliko yote. "Mtazameni mzee huyu, ndugu watazamaji! Tazameni uso huo! Jasho hilo halinunuliwi dukani!"

Nusu dakika baadaye simu zikaanza. Ya kwanza ilikuwa ya katibu wa kamati. "Kata! Bimdogo, kata picha!"

"Mlisema isikatike."

"Sasa tunasema ikatike!"

"Sijui inavyokatwa," akasema Bimdogo, mwanamke aliyekaa usiku na mchana kujifunza kila kitufe. "Mitambo hii ni imara sana."

Mzee Ghalibu aliingia Puge kwa vigelegele vya watu ambao nusu yao walikuwa wanamtazama, na nusu nyingine wanatazama simu, kisha wanamtazama tena. Omari alilitua sanduku lake, akakaa juu yake, akacheka mpaka akaomba maji. Wakampa ya chupa.

Kipande hicho kilizunguka miji ambayo Bimdogo hajawahi kufika. Ami yake alikaa miezi bila kumpokelea simu, na nasema kweli, ilimuuma. Wakati mwingine alikuwa anashika simu, analitazama jina la mzee, anaiweka chini. Iddi ilipofika akavaa, akaenda kwake.

"Shikamoo ami."

Jikoni mke wa mzee, Bi Ruaa, akaangusha kijiko kwa kicheko alichokuwa anakizuia.

"Marahaba," mzee akasema mwishowe, macho kwenye kikombe. "Kamati imekutana. Wafadhili wanataka matembezi tena, na wanakutaka wewe. Wanasema mitambo yako haikatiki."

"Na wewe, ami?"

"Mimi mwaka huu ni mgeni rasmi. Nitakaa jukwaani, kwenye kiti. Kiti hicho kipige picha kwa kamera zote tatu upendavyo."

"Sawa, ami. Lakini wapagazi wakiumia, watapanda gari."

Mzee akanywa kahawa yake taratibu. "Watapanda," akasema. "Na nikisinzia jukwaani, uonyeshe watu wengine."