Kilio cha Tendo la Tano

Mama aliniuliza swali lake wakati natafuta funguo, koti limeingia mkono mmoja tu.

"Ule mutoto wa mu teatre yenu, atarudia?"

"Atarudia, mama. Muzima kabisa."

Nilijibu haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Ulikuwa uongo. Mwana huyo harudi. Katika tendo la tano analetwa jukwaani amefunikwa shuka, na mama yake, yaani mimi, anapaswa kupiga magoti na kulia mpaka taa zizimwe.

Tamthilia yenyewe iliandikwa katika karne ya kumi na nane na mtu niliyempa jina la mzee wa wigi, kwa sababu ya picha yake mwanzoni mwa kitabu. Aliandika tamthilia zake, na pia alikaa ukumbini akitazama za wenzake, kisha akaandika walipoharibu. Nilisoma vyote viwili kwa Kiswidi, polepole, wakati wa mapumziko kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Tamthilia zilinigusa. Uhakiki wake ndio ulionitia hofu. Hakuwavumilia waandishi wanaomwokoa mtu dakika ya mwisho ili watazamaji wakalale vizuri. Kwake yeye, mwisho wa hadithi ulipaswa kutoka ndani ya yaliyotangulia. Nilifunga kitabu nikamfikiria kaka yangu.

Kaka yangu alibaki Kivu sisi tulipokimbia vita. Siku niliyolia kwa mara ya kwanza kwenye mazoezi ya tamthilia, kule Farsta, mwalimu wetu Mswidi alipiga makofi. Nilipofika nyumbani Akalla nikampigia kaka, simu yake ilikuwa imezimwa. Zikapita siku kumi na moja bila habari zake. Mimi siamini mambo ya mikosi. Nililisema hilo kwa sauti nikiwa peke yangu kwenye lifti, na mtu asiyeamini hana haja ya kuiambia lifti. Mwenzangu wa kazini, Mtanzania, aliniambia kwao kulia bila msiba huitwa uchuro, akacheka. Sikucheka. Mama naye, aliponisikia nikijaribu kilio changu jikoni, alizima jiko, sufuria bado haijachemka.

"Mutu angali muzima, hatumuliliake."

Na kila asubuhi aliniuliza habari za kaka. Kila asubuhi nilimjibu kwamba ni mtandao. "Ni rezo tu, mama. Leo atapiga." Kisha nilikwenda kazini, simu kwenye mfuko wa sare, roho juu, nikiitazama kila nilipomaliza kumwosha mzee mmoja.

Onyesho lilikuwa Jumamosi mchana. Mama alikaa safu ya pili, mkoba magotini, kitenge kikichungulia chini ya koti la baridi. Kiswidi chake ni cha dukani na cha hospitali, kwa hiyo kuhusu hadithi ile alikuwa na neno langu tu. Tangu tendo la kwanza nilimwona anautazama mlango wa kushoto, wanakoingilia waigizaji. Kila aliyeingia, mama aliinama mbele kumwangalia, kisha akaegemea tena. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa na matendo matano, na niliyapita yote jasho likinitoka.

Wakamleta mwanangu. Aliyemwigiza alikuwa dereva wa basi mwenye upara, mzito, na waliombeba walihema. Mama hakulitazama shuka. Aliendelea kuutazama mlango. Nikapiga magoti. Kilio kilikuwa tayari, na nikashindwa kukitoa. Nilisema maneno yangu yote kwa sauti ya kawaida, kama ninavyosoma orodha ya dawa za wazee, kisha taa zikazimwa. Makofi yalikuwa ya adabu tu. Nyuma ya pazia mwalimu aliniambia nimelikimbia tukio, na alisema kweli. Mzee wa wigi angeniandikia kurasa tatu.

Nilipotoka, watu walikuwa wanakunja viti. Mama alikuwa bado kwenye chake. Dereva wa basi alipita na nguo zake za kila siku, akamsalimia, na mama akamfuata kwa macho mpaka mlangoni.

"Ulisema atarudia," akaniambia.

"Nilisema bongo, mama. Nilikudanganya. Unisamehe."

"Nilijua." Akaanza kufunga vifungo vya koti. "Weye ukiwa na bongo, unajibuaka mbiyo."

"Sasa mbona ulikuwa unaangalia mulango?"

"Nilikuwa namungoja tu."

Tulipanda metro, treni ya chini ya ardhi. Katikati ya jiji tukabadilisha, tukashika laini ya buluu ya kwenda kwetu. Tulipopata viti, mama aliuliza akiangalia dirisha, ingawa nje kulikuwa na ukuta wa mwamba tu.

"Na mutoto wangu?"

Neno la rezo lilikuwa limeshafika mdomoni. Nililimeza. Hofu yote niliyokuwa nikiificha kwa siku kumi na moja ikanipanda, mpaka nikashika ukingo wa kiti.

"Sijui, mama," nikasema. "Naogopa. Sijui."

Alivua glavu moja akanishika mkono.

"Sawa," akasema. "Siku zote hizi nilikuwa namungoja miye peke yangu. Sasa tuko wawili."